Kuisoma Hewa: Hotuba kwa Wanafunzi wa Mto wa Mbu Kuhusu Kuruka Bila Injini

Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi mliopata nafasi ya kufika, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo? Nashukuru sana kwa mwaliko huu. Nimeombwa nizungumze juu ya glaida, ndege isiyo na injini, kwa sababu ndiyo ninayoirusha na ndiyo ninayofundisha wengine kuirusha huko Ujerumani ninakoishi. Nimeelezwa kwamba mbele yangu wapo wa michepuo ya PCM, PGM na EGM, yote yenye hisabati, kwa hiyo nimekuja na namba.

Neno langu kubwa nitalitanguliza. Rubani mwenye injini anaweza kuvuka nchi nzima bila kujua hewa aliyopita ndani yake inafanya nini. Rubani wa glaida hawezi. Asipoijua hewa, baada ya nusu saa yuko chini. Ndiyo maana naamini hakuna shule ya urubani inayoipita hii, na naamini pia kwamba ninyi mliokulia chini ya anga hili mnastahili kuingia shule hiyo mapema, wala si kusubiri kusimuliwa na wageni.

Tuanze na ndege yenyewe. Glaida inayotumika kufundishia katika klabu nyingi za Ulaya inaitwa ASK 21. Ina viti viwili, mwanafunzi mbele, mkufunzi nyuma. Mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni mita 17, na ikiwa tupu ina uzito wa kilo 360 hivi. Katika hewa tulivu inaserereka kwa uwiano wa 34 kwa 1, maana yake kila mita moja inayoshuka, inasonga mbele mita 34. Kinachoisukuma ni uzito wake mwenyewe. Inatumia kimo kununua mwendo. Ukiwa mita 1,000 juu ya ardhi, una akiba ya kilomita 34 mbele yako. Kwa upande wa muda, ikirushwa taratibu inashuka chini kidogo ya sentimita 70 kila sekunde. Gawanyeni wenyewe: mita 1,000 zinaisha kwa dakika 25 hivi.

Shikeni jambo hili, kwa sababu wengi hulikosa. Glaida inashuka wakati wote. Hata siku rubani anapopanda kutoka mita 500 hadi mita 2,500, ndege yake bado inashuka ndani ya hewa, ila hewa yenyewe inapanda kwa kasi zaidi. Ukishuka sentimita 70 kwa sekunde ndani ya hewa inayopanda mita 3 kwa sekunde, unapata faida ya mita 2.3 kila sekunde. Hesabu yote ni hiyo. Kazi inayobaki ni kuitafuta hewa hiyo, nayo haionekani.

Ipo ya aina tatu. Aina ya kwanza mnaishi miguuni pake. Tokeni nje mtazame magharibi: ukuta wa Bonde la Ufa, pale barabara ya Karatu inapopanda kwa kona. Upepo wa mashariki unaovuka mbuga kutoka upande wa Makuyuni unaufikia ukuta huu, haupenyi, basi unapanda. Ndege anayejua hilo anakwenda na kurudi sambamba na ukuta siku nzima bila kupiga bawa hata mara moja. Kenya, pale Iten, watu wanaruka kwa paraglaida, miavuli ya kurukia, kwenye ukuta wa Elgeyo juu ya Bonde la Kerio kwa kanuni hiyo hiyo, na wageni husafiri kutoka mabara mengine kuja kuufuata upepo huo. Aina nyingine ni mawimbi yanayotokea nyuma ya milima mirefu upepo unapoivuka kwa nguvu. Hayo ndiyo yaliyoipandisha glaida ya Perlan 2 kupita mita 22,000 juu ya Argentina mwezi Septemba 2018, karibu maradufu ya kimo ambacho ndege za abiria husafiria. Mawimbi ya milima ya Andes ndiyo pia yaliyomwezesha Mjerumani Klaus Ohlmann kuruka zaidi ya kilomita 3,000 kwa siku moja, mwaka 2003. Sitakaa hapo, maana nataka muda wetu uende kwenye aina ya tatu: mkondo wa joto.

Jua linapasha ardhi, na ardhi ndiyo inayopasha hewa iliyoigusa. Lakini ardhi haipati joto kwa usawa. Shamba lililolimwa likakauka, mwamba, mji wenye mapaa ya mabati, mbuga iliyoungua: hivi vinapata joto upesi. Ziwa, kinamasi, migomba na mpunga unaonyweshwa maji, kama huu wenu hapa Mto wa Mbu, hukawia, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu ya jua inaishia kukausha maji. Hewa iliyolala juu ya ardhi yenye joto inakuwa nyepesi kuliko jirani zake, lakini haiondoki papo hapo. Inang'ang'ania ardhi, inazidi kupata joto, mpaka itokee kitu cha kuitikisa: upepo kidogo, ukingo wa msitu, kundi la ng'ombe linalovuka uwanda. Mmeona uji mzito unavyochemka? Joto linajikusanya chini ya sufuria, povu linavimba, linaachia, linapanda, na pale pale lilipotoka linaanza kuvimba jingine. Mkondo wa joto ndivyo ulivyo. Kwa hiyo mahali palipotoa mkondo sasa hivi panaweza kuwa kimya kwa dakika kumi zijazo, halafu pakatoa tena. Rubani anayefika katikati ya kimya hicho atasema hapana kitu, naye atakuwa amekosea kwa suala la muda tu.

Sasa hewa hiyo inapanda. Ikipanda inatanuka, ikitanuka inapoa, karibu nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 100. Mvuke ilioubeba kutoka ardhini unaendelea kufichika mpaka hewa ipoe kufikia kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka maji, ndipo matone yanaanza kuonekana, nasi tunasema wingu limetokea. Lile wingu jeupe la mchana lenye tumbo lililonyooka, mnalolichora katika jiografia kwa jina la kumulasi, ni kilele cha mkondo wa joto. Tumbo lake limenyooka kwa sababu ndicho kimo ambacho mvuke unageuka maji.

Kuna kanuni ambayo marubani wa glaida wanaijua kwa moyo. Chukua joto la hewa karibu na ardhi, toa kiwango cha umande, zidisha kwa 125. Jibu ni kimo cha tumbo la wingu kwa mita, kuanzia pale uliposimama. Mchana wa nyuzi 30, kiwango cha umande kikiwa 14, tofauti ni 16, na 16 mara 125 ni mita 2,000. Anga kavu linatoa tumbo la juu zaidi. Ndiyo sababu marubani wa Ulaya hupakia glaida zao kwenye makontena kila mwaka wakazipeleka Namibia, mahali kama Bitterwasser, kuanzia mwezi Novemba: nchi kavu, iliyoinuka, yenye mawingu ya juu sana, na safari za zaidi ya kilomita 1,000 kwa siku. Wanasafiri bahari nzima kufuata hali ya hewa ambayo kwetu mtoto anaikuta juu ya kichwa chake akitoka shule.

Mawingu hayo yana ujana na uzee, na kuyatofautisha ni nusu ya ujuzi. Wingu changa kingo zake ni kali, tumbo lake ni jeusi na limenyooka, na kila ukiligeukia limekua. Wingu linalokufa kingo zake zimechakaa, tumbo limepinda, na chini yake hewa inashuka. Mwanafunzi mgeni hulikimbilia wingu kubwa zaidi angani. Akilifikia limekwisha. Mwalimu humwonyesha kawingu kadogo ambako dakika tano zilizopita hakakuwepo, humwambia twende kule. Na lile linalorefuka likawa mnara, likatandaza kichwa, likaanza kunguruma, hilo hatulisogelei kabisa. Ndani yake kuna hewa ya kupanda na ya kushuka yenye nguvu ya kuivunja ndege.

Kuna siku za kiangazi ambapo hewa ni kavu kiasi kwamba mikondo ipo lakini hakuna wingu. Hapo tunatazama chini. Moshi wa shamba linalochomwa unaopinda ghafla, na hasa chamchela. Kile kimbunga chembamba cha vumbi mnachokiona kati ya hapa na Makuyuni saa saba mchana ni mguu wa mkondo wa joto, mahali pale hewa inapong'oka ikizunguka. Wapo wazee wanaokataza watoto kukikaribia, nami nawaunga mkono. Ukiwa na mita 600 chini yako, chamchela ni habari njema. Ukiwa karibu na kutua, ni hatari ya kweli.

Na tunawatazama ndege. Hapa nitakaa kidogo.

Korongo mweupe mnamjua. Anakuja na mvua za mwisho wa mwaka, anatembea mashambani akila viwavijeshi na panzi, na ikifika Machi ameanza kuondoka. Ndege huyu anazaliana Ulaya, na Otto Lilienthal, aliyezaliwa mwaka 1848 huko Anklam, kaskazini mwa Ujerumani, alikua akimtazama akiruka juu ya malisho. Alijiuliza ndege mzito namna ile anawezaje kupanda bila kupiga mabawa. Alipima mabawa, alipima nguvu za hewa kwenye vibao vilivyopinda, na mwaka 1889 akachapisha matokeo yake. Kuanzia 1891 alijitengenezea mabawa ya fito na kitambaa akajirusha kutoka vilimani, takriban mara 2,000 katika maisha yake. Tarehe 9 Agosti 1896 hewa ilimnyanyua pua, bawa likaacha kubeba, akaanguka. Akafa kesho yake. Vipimo alivyoacha vilisomwa na ndugu Wright wa Marekani, ambao nao walianza na glaida kabla ya kuweka injini.

Kwa muda mrefu Wazungu hawakujua korongo wao huenda wapi wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Mecklenburg, Ujerumani, alipatikana korongo aliyekuwa amechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika, akarudi nao mpaka Ulaya. Yupo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Nami napenda mfikirie njia anayopita ndege huyu. Wale wa mashariki hawakati Bahari ya Mediterania moja kwa moja. Wanazunguka kupitia Bosporasi, Uturuki, Sinai, halafu wanafuata Naili kuja huku. Kwa nini wajiongezee safari? Kwa sababu juu ya bahari hakuna mikondo ya joto ya kutosha, na ndege mwenye uzito ule hawezi kupiga mabawa siku nzima. Ramani ya safari yake ni ramani ya mikondo ya joto.

Binadamu walichelewa kuufikia ujuzi huo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles uliinyima Ujerumani ndege za injini. Mwaka 1920 mhandisi Oskar Ursinus aliwakusanya vijana kwenye mlima wa Wasserkuppe, mita 950, wakaanza kushindana kwa glaida walizozitengeneza wenyewe vyuoni. Agosti 1922 Arthur Martens alikaa angani zaidi ya saa moja kwa kutumia upepo uliopanda mlimani. Lakini wote walikuwa wafungwa wa mlima ule, wakiuacha, wanashuka. Mwaka 1926 Max Kegel alinyakuliwa na wingu la radi bila kutaka, akatua kilomita 55 kutoka pale. Ndipo ikaonekana wazi kwamba hewa ya kupanda ipo hata mbali na mlima. Miaka miwili baadaye Robert Kronfeld alianza kuruka na variomita, kifaa kinachoonyesha kama unapanda au unashuka, na mwaka 1929 akavuka kilomita 100. Historia hii ina upande wa giza ambao sitaupita kimya: miaka ya 1930 utawala wa Hitler uliziteka klabu hizo na kuzifanya kiwanda cha marubani wa vita. Klabu za leo zimejengwa upya, na vijana wangu pale nawafundisha historia hiyo pamoja na kuruka.

Mwanafunzi anafundishwaje? Somo la kwanza ni kutazama nje. Vifaa vipo mbele yake, lakini mwendo wa ndege anausoma kwa kulinganisha pua na upeo wa macho: pua ikishuka mwendo unaongezeka, ikiinuka unapungua. Mbele ya kioo tumebandika uzi mwekundu wa sufu. Ukinyooka katikati, ndege inaikata hewa vizuri. Ukilala upande, ndege inakwenda kiubavu na inapoteza kimo. Uzi huo upo hadi kwenye glaida za mabingwa wa dunia, kwa sababu hakuna kifaa kinachojibu upesi kuliko huo. Mkono unashika kijiti, miguu inakanyaga pedeli za usukani wa mkia, na viungo hivyo vijifunze kwenda pamoja.

Kisha stoli, ile iliyomuua Lilienthal. Tunapanda juu, mwanafunzi anainua pua taratibu mpaka hewa ishindwe kufuata mgongo wa bawa, ndege inatetemeka, pua inaanguka. Dawa yake ni kusukuma kijiti mbele. Mwili wa binadamu unakataa, kwa sababu macho yanaiona ardhi na mikono inataka kuvuta. Tunarudia mpaka mkono utii.

Kupaa kwetu ni kwa winchi, mashine iliyowekwa upande wa pili wa uwanja ikivuta kamba ya urefu wa kilomita moja hivi. Chini ya dakika moja mko mita 400. Kamba inaweza kukatika, kwa hiyo mkufunzi huivuta ile ringi ya njano inayoachia kamba wakati mwanafunzi hatarajii, tena akiwa na kimo kidogo. Mwanafunzi ashushe pua kwanza, apate mwendo, ndipo aamue: kuna nafasi ya kutua mbele, au azunguke? Hatumruhusu mtu kuruka peke yake mpaka jambo hili alifanye bila kubabaika. Na kutua ni mara moja tu. Hakuna injini ya kukurudisha juu ujaribu tena. Mkono wa kushoto unashika mpini wa bluu wa breki za hewa, ukiongeza na kupunguza kasi ya kushuka, na macho yanabaki kwenye pale unapotaka kugusa ardhi. Kijana anayeweza hayo Ulaya anaruhusiwa kuruka peke yake akiwa na miaka 14, na leseni anaweza kuipata akiwa na miaka 16. Nawaambia hivyo kwa sababu najua wengi wenu mmeshapita umri huo mkiamini kwamba urubani ni mambo ya watu wazima wenye fedha.

Halafu ndiyo linakuja lile lililonifanya niipende kazi hii: kuingia kwenye mkondo.

Unaruka kuelekea wingu ulilolichagua. Kabla ya hewa kupanda, mara nyingi unapita kwanza kwenye hewa inayoshuka. Kiti kinatetemeka kidogo. Halafu kinakusukuma kutoka chini, na bawa moja, tuseme la kushoto, linainuka bila wewe kuligusa. Bawa hilo limeguswa na kiini cha mkondo, na mkondo wenyewe unakutupa nje, upande wa kulia. Mgeni anaifuata ndege inakotaka kwenda, anaukosa. Aliyefundishwa anatazama kama njia ni salama, kisha analishusha lile bawa lililoinuka na kugeukia upande wake. Variomita inachelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo mwili unatangulia kujua, kifaa kinathibitisha.

Mnainamisha mabawa nyuzi 40 hivi, mwendo kilomita 90 kwa saa. Wa PCM wanaweza kukokotoa: duara lina kipenyo cha mita 150 na zunguko moja linachukua sekunde 20 hivi. Uzito wenu kwenye kiti umekuwa mara 1.3. Duara likiwa pana zaidi, mnaelea nje ya kiini. Likiwa dogo zaidi, bawa linadai mwendo mkubwa na ndege inashuka kwa kasi ndani ya mkondo. Katika kila zunguko unasikiliza: wapi variomita imelia kwa sauti ya juu, wapi imefifia? Inapoongezeka unalegeza duara ili usogee upande huo, inapopungua unalikaza. Mizunguko mitatu minne, kiini kiko katikati yenu, mishale yote inaonyesha kupanda, na kijiji kilichokuwa chini yenu kinaanza kuonyesha mpangilio wa njia zake. Nimewaona watu wazima wakinyamaza kabisa wakati huo. Mimi mwenyewe baada ya miaka yote hii bado moyo unanienda mbio.

Hampo peke yenu humo. Sheria ni kwamba aliyeingia kwanza ndiye anayeamua mzunguko ni wa kulia au wa kushoto, na wote wanaofuata wanazunguka upande huo huo, hata akiwa ni rubani mgeni na anayeingia ni bingwa. Macho hayatulii. Mgongano ndio adui mkubwa wa mkondo wenye watu wengi.

Mkikaribia tumbo la wingu mnaondoka, na hapo kuna hesabu iliyofanywa na Mmarekani Paul MacCready, bingwa wa dunia wa mwaka 1956. Alionyesha kwamba kwenye hewa inayoshuka inafaa kushusha pua na kwenda mbio, ingawa kwa kufanya hivyo unashuka zaidi kwa kila sekunde, kwa sababu unatoka upesi kwenye hewa mbaya. Kwenye hewa inayopanda, punguza mwendo. Na kadiri mikondo ya siku hiyo ilivyo na nguvu, ndivyo unavyostahili kwenda kasi kati yake. Hii ni hisabati ya kidato chenu, ya kutafuta kiwango cha juu cha mkunjo.

Sasa nirudi nyumbani, maana sayansi hii ina sura iliyoandikwa hapa hapa, nyuma ya huo ukuta. Mwanazuolojia Mwingereza Colin Pennycuick alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha akawa Taasisi ya Utafiti ya Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa na ndege aina ya ASK 14, glaida yenye injini ndogo unayoweza kuizima angani. Alikuwa anaizima, anaingia kwenye mkondo mmoja na tumbusi, korongo au mwari, anawafuata, na kupima: wanaruka kwa mwendo gani, wanapanda kwa kasi gani, wanaacha mkondo kwa kimo kipi. Aliona wanavyoserereka kwa kunyooka chini ya mistari ya mawingu, bila kupoteza muda kuzunguka. Tumbusi mgongo-mweupe alimkadiria uwiano wa 15 kwa 1 hivi. Linganisheni na 34 ya ASK 21. Glaida inasafiri mbali zaidi kwa kila mita, lakini tumbusi anazunguka duara dogo kuliko lolote tunaloliweza, kwa hiyo anapanda kwenye vimikondo vyembamba vya asubuhi ambavyo sisi tunavipita. Kwa uwezo huo Tumbusi wa Rüppell anayelala kwenye majabali ya milima ya Gol anaweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kufuata nyumbu na kurudi, bila gharama kubwa ya nguvu. Mwaka 1973 mmoja wa jamii hiyo aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan kwenye kimo cha futi 37,000, zaidi ya mita 11,000.

Tumbusi hao wa aina zote mbili sasa wako kwenye daraja la hatari kubwa ya kutoweka, na sumu inayowekwa kwenye mizoga ni sababu kubwa. Nawasihi, hasa mlio wafugaji: mzoga uliotiwa sumu kwa ajili ya simba unaua tumbusi kwa mamia, kwa sababu mmoja akishuka wote wanaomtazama angani wanamfuata. Tunawapoteza walimu waliokuwepo kabla ya Lilienthal.

Mtu ataniuliza, ujuzi huu unamsaidia nini anayetaka kurusha ndege kubwa? Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000. Mafuta yalikuwa yamehesabiwa kwa ratili mahali pa kilo. Ninyi mnaoacha kuandika vizio kwenye mtihani wa fizikia, kumbukeni. Injini zote mbili zilizima. Nahodha Robert Pearson alikuwa rubani wa glaida. Alipoufikia uwanja wa zamani wa Gimli akiwa juu mno, alifanya tunachowafundisha vijana kwenye ndege ndogo: aliinamisha bawa upande mmoja, akakanyaga usukani wa mkia upande mwingine, akaishusha ndege kiubavu, akatua. Watu 69 walikuwamo, na wote walitoka hai.

Najua kikwazo. Kenya palikuwa na klabu ya glaida huko Mweiga karibu na Nyeri, lakini kwa ujumla Afrika Mashariki mchezo huu haujawafikia wenye nchi. Ila tazameni klabu za Ujerumani zinavyojiendesha: wakufunzi hawalipwi, ndege ni mali ya wote, kijana analipia sehemu ya ada kwa kuosha mabawa, kukunja kamba, kurekebisha winchi wakati wa baridi. Klabu moja yenye glaida mbili kuukuu zilizotunzwa vizuri na winchi inaweza kulea vijana kwa miaka mingi. Wazazi na walimu mliopo hapa, hilo ni ombi langu kwenu mlifikishe kwa Halmashauri na kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga: eneo tambarare la kilomita moja na nusu, na ruhusa. Wakufunzi tuko tayari kuja kwa zamu.

Wakati tunalisubiri hilo, kuna kazi isiyohitaji ndege. Nimeleta vipimajoto vikavu na vibichi pamoja na jedwali la kiwango cha umande. Kesho saa tatu asubuhi tukutane uwanja wa mpira. Tutapima kila nusu saa, tutazidisha kwa 125, na wingu la kwanza likitokea kuelekea Mlima Losimingori tutalinganisha tumbo lake na mlima wenyewe, ambao kimo chake kipo kwenye ramani yenu ya darasani. Kundi jingine litaandika saa ambayo tumbusi wa kwanza anaanza kuzunguka bila kupiga mabawa, na kutokea wapi: juu ya mpunga, juu ya mji au juu ya ukuta. Mwalimu wa jiografia amekubali daftari libaki shuleni, liendelee mwaka mzima. Anayetaka kushiriki amwandikishie jina lake jioni hii.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.